Kufuata nyota ukiwa karibu na ikweta: modi za maunti ya darubini, kwa macho na kwa kamera

Miongozo mingi ya darubini imeandikwa na watu wanaokaa nyuzi 40 au 50 kaskazini mwa ikweta. Kwao inafaa sana. Ukiifuata kama ilivyo ukiwa Dodoma, Nairobi au Bujumbura, utahangaika kutafuta nyota ya Polaris ambayo huku imezama chini ya upeo wa macho, na utaambiwa kwamba maunti (kichwa cha stendi kinachobeba na kugeuza darubini) ya altazimuthi, ile inayogeuka kushoto na kulia, juu na chini, haifai kupigia picha za nyota. Kauli hii ya pili ndiyo inayoniuma, kwa sababu inawafanya vijana wenye darubini ndogo nzuri waifungie kabatini wakisubiri hela ya maunti ya ikweta, ile yenye mhimili uliolazwa sambamba na wa Dunia. Huku kwetu kuna sehemu kubwa za anga ambazo altazimuthi inazipiga picha safi kabisa, na kuna nyingine haiziwezi. Kujua ipi ni ipi ndiyo shabaha ya mwongozo huu.

Mimi ni fundi wa madishi hapa Dodoma. Mchana nashughulika na pembe mbili, azimuthi (upande wa dira) na mwinuko (kimo juu ya upeo), na usiku natumia vifaa vilevile: pima maji, spana, dira, na kipima pembe chenye sumaku ninachokibandika kwenye chuma. Dishi la setilaiti ya nyuzi 36 mashariki hapa mjini hutazama juu karibu nyuzi 83, na ukishakaza nati umemaliza, maana setilaiti hiyo inakwenda sawia na Dunia. Nyota hazikai hivyo. Dunia hujizungusha mara moja kwa saa 23, dakika 56 na sekunde 4, kwa hiyo anga lote huonekana kuhamia magharibi kwa nyuzi 15 kila saa. Kwenye kamera yenye pikseli za maikromita 3.9 na lenzi ya milimita 135, nyota iliyo karibu na ikweta ya anga (mstari wa angani ulio juu ya ikweta ya Dunia) hukimbia pikseli mbili na nusu kwa kila sekunde. Mota ipo kwa ajili ya kulipa deni hilo.

Modi ni kitu kimoja, kasi ni kingine

Kwenye rimoti ya maunti nyingi utakuta menyu mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni modi: inaiambia maunti izungushe mihimili ipi na kwa upande gani. Ya pili ni kasi.

Modi ya Alt-Az inazungusha mihimili miwili kwa pamoja, mmoja wa kushoto na kulia, mwingine wa juu na chini. Kompyuta ya ndani inapiga hesabu muda wote, kwa sababu kasi ya kila mota inabadilika kadiri nyota inavyopanda. Modi za EQ North na EQ South zinazungusha mhimili mmoja tu, ule uliolazwa sambamba na mhimili wa Dunia, na kwa kasi isiyobadilika. Ukiwa umeelekeza mhimili huo kwenye ncha ya kusini ya anga, pale ambapo anga la kusini huonekana kuzungukia, chagua South. Ukiacha North, mota itageuka kinyume, na nyota zitachora mistari mirefu mara mbili ya ile ambayo zingechora mota ikiwa imezimwa. Vifaa vidogo vya kubebea kamera peke yake vina swichi ndogo yenye herufi N na S kwa kazi hiyohiyo, na vingi vinatoka kiwandani vikiwa kwenye N. Iangalie hiyo swichi kabla ya kitu kingine chochote.

Kasi ni tatu za kawaida. Sidereal ni ya nyota, sekunde 15.04 za tao kwa kila sekunde ya saa (sekunde ya tao ni sehemu ya 3600 ya nyuzi moja). Solar ni ya Jua, sekunde 15 kamili. Lunar ni ya Mwezi, karibu 14.5, kwa sababu Mwezi nao unasafiri kuelekea mashariki kati ya nyota. Baadhi ya maunti zina ya nne, King, iliyopunguzwa kidogo sana chini ya ile ya nyota ili kufidia jinsi hewa inavyopinda mwanga. Kwa picha za chini ya dakika moja hutaona tofauti yake, basi iache.

Kuiambia maunti ulipo

Hapa ndipo usiku mwingi huharibikia, na dawa yake ni dakika mbili za utulivu. Rimoti nyingi zinataka tarehe ianze na mwezi, kwa hiyo tarehe 5 Agosti inaingizwa 08/05. Saa inaingizwa kwa mtindo wa saa 24: saa mbili usiku ni 20:00, saa kumi alfajiri ni 04:00. Ukanda wa saa kwa Tanzania, Kenya na Uganda ni +3. Kwa Burundi, Rwanda na mashariki ya Kongo ni +2. Kwa Oman ni +4. Ikikuuliza kuhusu saa ya majira ya joto, ijibu hapana. Kisha mahali: Dodoma ni nyuzi 6 na dakika 10 kusini, nyuzi 35 na dakika 45 mashariki. Angalia herufi. Ukiingia tarakimu sahihi ukaacha N badala ya S, darubini italenga pembeni kwa nyuzi 12 na hutajua inatafuta nini.

Kwa altazimuthi, nyoosha kitako cha stendi kwa pima maji, halafu pangilia kwa nyota mbili. Chagua nyota zilizo mbalimbali angani, zisiwe utosini wala zisiwe kwenye vumbi la upeo. Kuanzia Desemba mimi hutumia Suheli (Canopus) upande wa kusini pamoja na Dabarani (Aldebaran). Kuanzia Juni hadi Septemba natumia Rijili Kantori (Alpha Centauri) pamoja na Tairi (Altair). Unapoiweka nyota katikati ya kioo cha jicho, malizia kwa kubonyeza mshale wa juu na wa kulia, hata kama itabidi uipite kwanza kisha uirudie, ili meno ya gia yashikane upande mmoja. Ukimalizia kwa mishale tofauti kila mara, ule ulegevu wa gia unaingia kwenye hesabu za maunti usiku kucha.

Altazimuthi: mashariki na magharibi ni zako

Ubaya wa altazimuthi kwenye picha ni kwamba darubini inabaki imesimama wima kuhusiana na ardhi huku anga likijipindua. Nyota ya katikati inatulia, lakini za pembeni zinaizunguka polepole. Kasi ya mzunguko huo ina fomula nyepesi: 15 mara kosaini ya latitudo, mara kosaini ya azimuthi, gawa kwa kosaini ya mwinuko. Jibu linatoka kwa nyuzi kwa saa.

Tazama fomula hiyo ukiwa Dodoma. Kosaini ya latitudo yetu ni karibu 1, ndiyo kubwa kuliko zote, na hapo ndipo wengi hukata tamaa wakidhani sisi ndio tulio pabaya zaidi duniani. Lakini kosaini ya azimuthi ni sifuri kwa kitu kilicho mashariki halisi au magharibi halisi. Na kwa mtu aliye karibu na ikweta, nyota zilizo karibu na ikweta ya anga huchomoza mashariki na kupanda wima moja kwa moja, zikibaki mashariki hadi zinakaribia utosi. Kwa mtu wa Ulaya zinapanda kwa mshazari na azimuthi inabadilika muda wote.

Chukua Nebula ya Jabari (Orion), lile wingu la gesi liitwalo M42. Ikiwa mwinuko wa nyuzi 45 mashariki mwa Dodoma, azimuthi yake ni karibu nyuzi 91 na nusu, na picha inajizungusha kwa takriban nusu nyuzi kwa saa. Ukiacha shata (pazia la kamera) wazi kwa sekunde 30 kwenye kamera ya pikseli 6000 kwa 4000, nyota ya kwenye kona inahama chini ya theluthi moja ya pikseli. Hakuna jicho litakaloliona hilo. Mwenzako wa London akiipiga nebula hiyohiyo ikiwa nyuzi 25 juu ya kusini-mashariki, kwake picha inajizungusha karibu nyuzi 8 kwa saa. Yeye ndiye aliyeandika kwamba altazimuthi haifai, na kwa kwao ana haki.

Sasa geukia kusini. Salibu (Msalaba wa Kusini) ikiwa kileleni mwa njia yake, mwinuko wa karibu nyuzi 36 hapa kwetu, azimuthi ni 180, kosaini ni 1 kamili, na picha inajizungusha karibu nyuzi 18 kwa saa. Kwa sekunde 30 zilezile, nyota ya kona inaburuzwa pikseli 9. Punguza shata hadi sekunde 10 na inabaki pikseli 3, ambazo kwa picha ya kuweka simu zinavumilika. Kwa hiyo Salibu, Wingu Kubwa la Magellan na vyote vilivyo kusini au kaskazini kabisa, ukiwa na altazimuthi, piga shata fupi na nyingi kisha uziunganishe kwa programu kama Siril, ambayo ni ya bure na inazipangilia picha yenyewe hata zikiwa zimepinda.

Kilimia iko katikati ya mambo haya. Huchomoza kaskazini mashariki na kileleni huwa nyuzi 60 juu ya kaskazini. Ipige mapema, ingali chini upande wa mashariki. Ikishakaribia kilele mzunguko unakuwa mkali.

Kwa vitu vya mashariki anza na sekunde 10, panda hadi 20, kisha 30, ukikuza picha kila hatua. Kikwazo hapo si anga tena, ni gia zako. Maunti ndogo za altazimuthi huruka kidogo mota zinapobadilishana zamu, na utatupa picha kadhaa katika kila kumi. Zitupe bila huruma, zilizobaki zinatosha.

Jabari lina tatizo moja hapa Dodoma: msimu wake wa jioni unaangukia kwenye mvua. Usisubiri Januari. Katikati ya Oktoba M42 huchomoza karibu saa nne na nusu usiku, na kufika saa saba na nusu iko nyuzi 45 juu, anga bado ni la kiangazi.

Utosi

Modi ya Alt-Az ina shimo moja angani, nalo liko juu ya kichwa chako. Kitu kinachopita nyuzi 1 tu kutoka utosini kinailazimisha mota ya azimuthi ikimbie zaidi ya nyuzi 14 kwa dakika ili kukigeukia upande wa pili. Mota inachelewa, kitu kinatoka kwenye kioo, na picha yoyote ya dakika hizo ni ya kutupa. Huko Ulaya hili halisumbui sana kwa sababu sayari hazifiki utosini kwao. Kwetu Jua, Mwezi na sayari zote hupita ndani ya nyuzi 30 au zaidi kidogo kutoka utosi, na M42 yenyewe inapita chini ya nyuzi 1. Panga ratiba yako hivyo: piga kitu kikiwa kati ya nyuzi 30 na 75 upande wa mashariki, kiache kipite juu, kisha ukipokee tena upande wa magharibi. Muda huo wa katikati tumia kuangalia kitu kingine.

Mwezi, sayari na Jua

Kwa sayari altazimuthi inatosha, na sioni sababu ya kuhangaika na zaidi. Mshtarii unachukuliwa kwa video, kisha programu inachagua fremu zilizotulia. Sayari hiyo inajizungusha kwa saa chini ya 10, kwa hiyo video isizidi dakika chache hata ungekuwa na maunti ya bei gani. Ikizidi, mikanda yake ya mawingu imeshahama. Kwa Zohali na Mirihi una nafasi ndefu zaidi. Acha kasi kwenye Sidereal.

Mwezi unataka kasi yake. Ukiufuata kwa kasi ya nyota, unateleza sekunde 33 za tao kwa dakika, na kwa dakika 10 umesogea karibu sehemu moja ya sita ya upana wake. Ukiwa umekuza kreta moja, hiyo imeshatoka kwenye fremu. Weka Lunar. Hata hivyo Mwezi unapanda na kushuka pia kati ya kaskazini na kusini, na kasi ya Lunar kwenye maunti nyingi za ikweta haifidii hilo, basi usiuache peke yake kwa saa nzima.

Kwa Jua, kabla ya modi na kabla ya kasi ni chujio. Chujio kamili la Jua linafungwa mbele ya darubini, kwenye mdomo wake, limekazwa kiasi kwamba upepo hauwezi kuling'oa, na kidarubini cha kulengea kinafunikwa au kinaondolewa. Vile vichujio vidogo vya kufunga nyuma kwenye kioo cha jicho vinapasuka kwa joto. Usivitumie hata kama vimekuja kwenye boksi. Jicho halina maumivu ya kukuonya. Baada ya hapo weka Solar. Tofauti yake na kasi ya nyota ni ndogo, dakika mbili na nusu za tao kwa saa, lakini kupatwa kwa Jua huchukua muda wa kutosha kuiona. Waliokuwa Rujewa, Mbeya, tarehe 1 Septemba 2016 wakati Jua lilipobaki pete wanajua shughuli ilivyokuwa ndefu. Tarehe 2 Agosti 2027 Jua litapatwa kabisa kwa zaidi ya dakika 6 huko Luxor, Misri, na kivuli kitapita Makka na Jeddah pia. Ndugu zetu walioko upande huo wajizoeze na Solar mapema.

Maunti ya ikweta: kazi iko kwenye kulenga ncha

Ukitaka shata za dakika tatu au tano, au Salibu na nebula ya Eta Carinae kwa utulivu, maunti ya ikweta ndiyo jibu. Mhimili wake ukilala sawa, mota moja inafuata na picha haijizungushi popote angani, iwe mashariki, kusini au utosini.

Mwinuko wa ncha ya anga ni sawa na latitudo yako. Mbeya ncha ya kusini iko karibu nyuzi 9 juu ya upeo, Dar es Salaam karibu 7, Dodoma 6, Mombasa 4, Nairobi 1 na kidogo. Kampala iko kaskazini mwa ikweta kwa sehemu ndogo ya nyuzi, kwa hiyo huko mhimili unalala na unaweza kuchagua kuuelekeza kaskazini au kusini, mradi modi ya mota ifuate chaguo lako. Nyota iliyo karibu na ncha ya kusini, Sigma Octantis, ina mng'ao wa daraja la 5.4, na kwa nyuzi 6 juu ya upeo, katika vumbi la kiangazi cha Dodoma, haionekani. Kile kidarubini cha kulengea ncha kilichomo ndani ya maunti kifunike. Kwetu hakina kazi.

Anza mchana. Simamisha fimbo ya mita moja, wima kwa pima maji, na uchore duara kuizunguka lenye nusu kipenyo cha sentimita 80. Asubuhi tia alama pale ncha ya kivuli inapoingia ndani ya duara, na alasiri pale inapotoka. Mstari unaounganisha alama hizo mbili ni mashariki na magharibi. Uliokatiza kwa pembe mraba ni kaskazini na kusini. Mwezi Juni kivuli cha adhuhuri hapa Dodoma kina urefu wa sentimita 57 na kinaelekea kusini, kwa hiyo duara la 80 linafanya kazi vizuri. Njia hii naiamini kuliko dira ya simu, maana simu ukiisogeza karibu na maunti, chuma na sumaku za mota zinaipotosha. Chora mstari huo kwa chokaa, au piga vigingi viwili, na usiku unakuta kazi ya azimuthi imeshakamilika kwa sehemu kubwa.

Tatizo la pili ni kwamba maunti nyingi za ikweta hazishuki hadi nyuzi 6. Bolti ya latitudo inagota 15 au 20. Kabla hujanunua, uliza latitudo ya chini kabisa ya maunti hiyo, na usikubali jibu la jumla. Kama unayo tayari, inamishe stendi yenyewe. Maunti ya ikweta haihitaji kitako kilichonyooka. Inahitaji mhimili uliolenga ncha, basi. Weka mguu mmoja wa stendi upande wa kusini na miwili kaskazini. Ikiwa miguu imeachana sentimita 80 na maunti imegota nyuzi 15, fupisha mguu wa kusini kwa sentimita 11 na mhimili utashuka hadi 6. Bandika kipima pembe kwenye mwili wa mhimili, si kwenye darubini, usome. Kisha, kabla ya kuwasha mota, legeza klachi na uzungushe fimbo ya uzito kwa mkono duru nzima. Kwa pembe hizi za chini uzito huo hupita karibu sana na mguu wa kusini. Ukigonga, ongeza kipande cha nguzo kati ya stendi na maunti.

Julai na Agosti upepo wa Dodoma hauna mchezo. Fungia mfuko wa mchanga chini ya stendi, na uache mfuko uguse ardhi. Ukining'inia unabembea, na kubembea kwake kunaingia kwenye picha.

Kusahihisha kwa mserereko wa nyota

Kivuli na kipima pembe vinakufikisha karibu na nyuzi 1. Kosa la kiasi hicho husogeza nyota kwa sekunde zisizozidi 16 za tao kwa dakika, na kwa lenzi ya milimita 135 na shata ya sekunde 30 ni kama pikseli moja tu. Kwa lenzi fupi unaweza kuishia hapo ukaanza kupiga. Kwa darubini endelea.

Tafuta nyota iliyo karibu na ikweta ya anga. Mintaka, ile inayotangulia kuchomoza kati ya tatu za mkanda wa Jabari, iko juu ya ikweta hiyo hasa. Miezi ya katikati ya mwaka tumia Tairi, iliyo nyuzi 9 kaskazini yake, inatosha. Kwanza subiri nyota iwe kileleni, karibu na utosi. Iweke katikati, acha mota ifuate kwa kasi ya nyota dakika tano, uitazame kwa kioo chenye msalaba au kwenye skrini ya kamera iliyokuzwa mara 10. Ukitaka kujua kusini ni wapi kwenye skrini, sukuma darubini kidogo sana kuelekea kaskazini: upande ambao nyota inakimbilia ndio kusini.

Mwendo wa mashariki na magharibi usiujali. Tazama kaskazini na kusini tu. Nyota ikiserereka kwenda kaskazini, mhimili wako unaolenga kusini umeelemea mashariki mno. Uzungushe kidogo magharibi. Ikiserereka kusini, uzungushe mashariki. Rudia hadi itulie.

Kisha hamia nyota iliyo mashariki, nyuzi 20 au 30 juu ya upeo. Ikiserereka kaskazini, mhimili uko chini, uinue. Ikiserereka kusini, uko juu, ushushe. Majibu haya ni ya mhimili uliolenga kusini. Miongozo ya Ulaya inasema kinyume kwa kila hatua kwa sababu wao wanalenga kaskazini, na aliyeko Kampala au Eldoret akilenga kaskazini afuate ya kwao.

Mwenye kompyuta na kamera ya darubini anaweza kutumia programu ya bure ya N.I.N.A. Ina nyongeza inayopiga picha sehemu tatu za anga, inazitambua nyota, na kukuonyesha mhimili umekosea kiasi gani na upande gani bila kuhitaji kuiona ncha. Ni nzuri mno kwetu. Hata hivyo jifunze mserereko kwanza, kwa sababu siku kompyuta ikiisha chaji ukiwa Hombolo, nje ya mji, hutarudi nyumbani mikono mitupu.

Jambo la mwisho la maunti hii: kitu kikivuka meridiani (mstari wa kaskazini hadi kusini unaopita utosini), darubini inabidi igeuzwe upande wa pili wa stendi isije ikagonga mguu. Jabari na Nge vinavuka juu sana hapa, darubini ikiwa imesimama karibu wima. Weka kikomo kwenye rimoti, na usiende kulala mota ikiwa inafanya kazi.

Nusu kasi, na kuzima kabisa

Vifaa vya kubebea kamera vina modi ya nusu kasi. Itumie unapotaka mbuyu na Njia Nyeupe kwenye picha moja: nyota zinaburuzwa nusu, mbuyu nao nusu, na kwa lenzi pana vyote viwili vinaonekana vimetulia kwa muda mara mbili ya ule wa stendi tupu. Julai kiini cha Njia Nyeupe, upande wa Mshale, hufika nyuzi 67 juu yetu. London kinaishia nyuzi 9 au 10. Tumia bahati hiyo.

Na kuna kazi ya mota iliyozimwa ambayo kama fundi wa madishi siwezi kuiacha. Lenga nyuzi 1 kaskazini mwa ikweta ya anga, kwa lenzi ya 135, mota imezimwa, shata ya dakika moja au zaidi. Nyota zote zitachora mistari. Kati ya mistari hiyo, vitone vidogo vilivyotulia ni setilaiti za mawasiliano, zilezile tunazozilengea madishi. Hung'aa zaidi karibu na Machi 20 na Septemba 22.

Kuisoma picha iliyoharibika

Kuza picha, tazama katikati na kona nne. Nyota za katikati zikiwa nukta na za kona zikiwa zimepinda kuizunguka, ni altazimuthi inajizungusha: fupisha shata au hamia mashariki. Zote zikiwa na mistari sambamba, unahitaji kujua mistari hiyo inaelekea wapi. Piga picha moja ya sekunde 10 mota ikiwa imezimwa, bila kugusa kamera. Mistari ya picha hiyo ndiyo mashariki na magharibi. Kama mistari ya picha yako mbaya inafuata mwelekeo huohuo, kasoro ni ya kasi: umeacha Lunar, umeacha N, klachi inateleza, au betri imeshuka. Mimi natumia betri ya pikipiki ya volti 12 na naipima kwa mita kabla ya kutoka. Kama mistari inakatiza mwelekeo huo, rudi kwenye mserereko, ncha haijakaa. Na nyota zikiwa na umbo la vitone viwili vilivyoungana, ni upepo, au waya wa umeme umekwama kwenye mguu wa stendi na kuivuta darubini. Ulegeze, uufunge kwa kamba karibu na mhimili, upige tena.